Mgongo Ulioharibu Picha

Sogeeni, ila msibanane, maana kisa hiki kinataka nafasi ya kurusha mikono. Nimekisimulia harusini, wali ukapoa kwenye sinia. Nimekisimulia msibani, wafiwa wakaacha kulia wakaanza kubishana. Mara ya mwisho mume na mke walikuja pamoja na kuondoka kwa njia mbili. Mimi mwenyewe kimeshanichosha. Leo nawaachia ninyi, na anayeweza kubishana bila kununa akae mbele.

Walikuwepo watatu, watoto wa mtaa mmoja kule Same, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Nakijwa alijaliwa jicho. Mahali ambapo wewe na mimi tungepita tukitafuta kivuli, yeye alisimama. Angemwona fundi viatu akicheka peke yake na kiatu mkononi, au mama muuza maandazi akikaza kilemba kwa mkono mmoja huku wa pili ukigeuza maandazi kwenye karai, na kamera yake ingekuwa imeshalia kabla hujageuza shingo.

Mbonea alijaliwa ulimi, tena ulimi wa subira. Aliweza kuketi na mtu aliyemfukuza, akamsikiliza mpaka yule mtu akachoka kufukuza. Waliomkatalia asubuhi ndio waliomkaribisha chakula cha mchana.

Senzota alijaliwa mikono. Kamera iliyoingia mchanga aliitandikia kanga, akaifungua, akaipuliza, akaifunga, ikafanya kazi. Alikuwa na printa ndogo ya betri aliyoitunza kama mgonjwa. Na alikuwa mbishi. Ubishi si karama, lakini nautaja mapema kwa sababu utatusumbua mbele ya safari.

Wazo la kusafiri lilikuwa lao wote. Walichoshwa na kalenda. Kila kalenda ni simba, na asipokuwa simba ni mlima. "Mtu wa kawaida akitaka kuwekwa ukutani," alisema Nakijwa, "mpaka afe kwanza." Basi wakaazima guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, wakaanza kuzunguka minadani, ngomani na kwenye mechi za vijiji, wakipiga picha za watu wakiwa katika shughuli zao. Na walijiwekea desturi nzuri: kila walipofika walifunga kamba kati ya nguzo mbili, wakaning'iniza picha za watu wa huko walikotoka, ili watu wa hapa wawaone wa kule.

Desturi ilikuwa nzuri. Wenyewe kwa wenyewe ndio walikuwa hawafai. Ukitaka kujua kama unampenda rafiki yako, panda naye guta kutoka Same mpaka Handeni. Nakijwa alisema "simama" penye kila kichaka. Mbonea akishuka kuuliza njia alisalimia ukoo mzima. Senzota alipiga mluzi wimbo mmoja, na hakuujua wote, aliujua mwanzo tu. Walipofika kwenye mnada wa Kwedilongo walikuwa wanaongea kwa kupitia mtu wa tatu.

"Mwambie huyo ashushe kamera yangu polepole," Nakijwa alimwambia Mbonea.

"Senzota, umesikia."

"Mwambie nimesikia tangu jana."

Mnada wa Kwedilongo ulikuwa umefurika ng'ombe, mbuzi, vyungu, mitumba na vumbi. Nakijwa alipoinua kamera tu, watu waligeuka kama upepo umewapiga. Mwanamke mmoja alimfunika mbuzi wake uso. Dalali wa mnada, mtu mnene aliyeitwa Mzee Mhina, akaja na fimbo yake.

"Hapa hapapigwi picha," alisema. "Walikuja wenzenu na kamera kama hiyo, wakatusifu, wakatuchekesha. Siku moja mke wangu ameenda mjini anakuta sura yangu kwenye bango la kipindupindu. Mimi, ambaye sijawahi kuumwa hata tumbo. Watu walianza kukataa kunipa mkono."

Nakijwa alitaka waondoke. Senzota alikuwa ameshawasha guta. Mbonea akaketi.

Aliketi na Mzee Mhina asubuhi nzima. Alisikiliza habari za bango kuanzia mwanzo, kisha akazisikiliza tena kutoka kwa mke wa mzee. Alishika mbuzi apimwe. Alikunywa uji wa watu ambao hawakumtaka. Wenzake walikaa kwenye jua wakimlaani kimoyomoyo. Mwishoni Mbonea akasimama mbele ya mnada mzima akasema:

"Wazee wangu, mama zangu, tukubaliane hivi. Anayetaka picha atuangalie. Asiyetaka atupe mgongo tu, hatutamuuliza sababu. Na ikitokea mgongo wake umeingia kwenye picha, picha hiyo tunaifuta. Hayo ndiyo maneno yangu, na nitayasimamia."

Mzee Mhina akaitazama fimbo yake, akasema, "Haya. Lakini mimi mnipige ninapocheka. Mgonjwa wa kipindupindu hacheki."

Hivyo ndivyo mlango wa Kwedilongo ulivyofunguka, na aliyeufungua ni Mbonea.

Nakijwa akaingia kazini. Mchana ule jicho lake lilikuwa limebarikiwa. Alimpata mwanamke na mbuzi wake wote wawili wakipiga miayo. Aliwapata wachuuzi wawili wakivutana suruali moja ya mtumba. Kisha akamwona Mzee Mhina juu ya kreti, fimbo hewani, jua likimwangukia upande mmoja wa uso, na kicheko kikipanda kutoka tumboni. Aliliona lile jambo kabla halijatokea. Akasubiri. Kicheko kilipofika mdomoni, akabonyeza.

Sekunde ileile mtu mmoja akapita mbele, akaiona kamera, akageuka.

Nakijwa akatazama alichokipata. Mzee Mhina alikuwa nusu: fimbo, jicho, meno. Nusu ya pili ilikuwa mgongo. Mgongo wa mwanamume aliyevaa shati la kijani lililopauka, bega la kushoto limeshuka, mkono wa kulia umepitishwa nyuma na kushika kiwiko cha kushoto. Nakijwa alimtafuta mtu yule ili amwambie maneno, hakumwona. Mzee Mhina naye alikuwa ameshashuka.

"Nimesubiri kicheko kile mchana kutwa," alisema Nakijwa, na safari hii alimwambia Senzota moja kwa moja. "Ifute. Imeharibika."

"Na hata isingeharibika ungeifuta," akasema Mbonea. "Mtu ametupa mgongo. Nimetoa ahadi."

Senzota akaichukua kamera na kuitazama ile picha kwa muda mrefu. "Mimi naiona nzuri."

"Hukuulizwa," alisema Nakijwa.

"Kila mtu anapiga nyuso. Huu mgongo una mambo yake."

"Senzota, ifute."

Senzota akasema sawa. Ninyi mnaomjua mbishi mnajua kwamba mbishi akisema sawa haraka, hajakubali. Hakuifuta. Usiku ulipita, guta likaondoka, wakavuka nyika kuelekea upande wa Kondoa, wakigombana kuhusu turubai, maji na ule mluzi. Walipofika kijiji cha Mlangwa, Nakijwa na Mbonea walikwenda kusalimia wenyeji, na Senzota akabaki kuchapisha picha za Kwedilongo na kuzitundika. Alitundika miayo, akatundika suruali. Mwisho kabisa wa kamba, akatundika mgongo.

Nakijwa aliporudi na kuuona alimpokonya Senzota mkoba wa kamera. Mbonea yeye alipandisha sauti, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Neno langu umeligeuza uchafu," alimwambia Senzota. "Wale watu waliniamini mimi, hawakukuamini wewe. Itoe."

"Nitaitoa jioni."

"Utaitoa sasa hivi."

Walikuwa wamesimama hivyo, mmoja ameshika upande huu wa picha na mwingine upande ule, pale walipoona kuna mwanamke mzee katikati yao. Hakuwa anawatazama wao. Alikuwa anatazama mgongo.

Mwanamke huyu aliitwa Bi Mwasiti, na lazima niwaeleze habari zake, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimechoka naye. Miaka mingi nyuma mwanawe Swalehe, akiwa kijana, alipoteza ng'ombe wa baba yake malishoni. Baba akamwambia kwa hasira, "Usirudi bila ng'ombe." Swalehe akaingia porini kuwatafuta. Kesho yake ng'ombe walirudi wenyewe, wameshiba, wanatingisha mikia. Swalehe hakurudi. Walimtafuta wakakata tamaa. Baba yake alikufa bila kulitaja tena jina lile. Kaka yake Bi Mwasiti, Mzee Kidunda, akasimamia dua ya kumrehemu kijana kama marehemu wengine. Bi Mwasiti alikataa kuketi kwenye mkeka wa dua hiyo. Toka siku hiyo kila mgeni aliyefika Mlangwa aliulizwa kama amemwona Swalehe. Wauza chumvi waliulizwa. Wapima ardhi waliulizwa. Ndugu zake walikuwa wakimwona mgeni kwa mbali wanaanza kuona haya.

"Shikamoo mama," alisema Mbonea, akiiachia picha.

"Marahaba. Huyu mmemwacha wapi?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu."

Mzee Kidunda alikuwa ameshafika mbio akimshika dada yake mkono. "Mwasiti, huo ni mgongo. Kila mtu ana mgongo. Wasamehe wageni wa watu."

Bi Mwasiti akautoa mkono wa kaka yake, bila ukali. "Alivunjika mkono akiwa mdogo. Nilimbeba mpaka kwa mganga wa mifupa, na ulipounga, bega lilibaki limeshuka. Akawa anakishika kiwiko hivyo kila akiogopa. Uso wa mtoto kila mtu anautazama, Kidunda. Mgongo wake anaujua aliyemwogesha."

Nakijwa, ambaye siku nzima alikuwa na hasira, alijikuta anaitazama ile picha kana kwamba hakuipiga yeye.

Mzee Kidunda alivuta pumzi. "Nitakwenda," alisema. "Nitakwenda huko Kwedilongo nimwone mwenye mgongo huu, nirudi nikwambie jina lake na kabila lake. Baada ya hapo, Mwasiti, tupumzike. Tumechoka." Akaikunja picha, akaitia kwenye mfuko wa kanzu, akaondoka na basi.

Na Bi Mwasiti akawaambia wale watatu kwamba hawaondoki mpaka kaka yake arudi. Wakakaa. Walilishwa ugali wa uwele na mlenda mpaka wakauzoea. Siku zilienda, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kuwafungisha pale, na Bi Mwasiti alifagia uwanja kila asubuhi kama anayengojea wageni.

Mzee Kidunda alirudi siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Alishuka kwenye basi akiwa amekunja uso kama alivyoondoka. Nyuma yake alishuka mwanamume wa makamo mwenye shati la kijani lililopauka. Alisimama pale barabarani, asisogee, mkono wa kulia ukapita nyuma ukashika kiwiko cha kushoto.

Bi Mwasiti hakukimbia. Alikwenda mwendo wake wa kila siku, akampita mbele, akazunguka nyuma yake, akaweka kiganja kwenye bega lililoshuka. Alikaa hivyo. Halafu akasema, "Ng'ombe walirudi, baba. Walirudi kesho yake."

Swalehe alikuwa hajui; Mzee Kidunda alimwonyesha picha na kumwambia tu kwamba mama yake anamwita. Miaka yote ile alikuwa akichunga mifugo ya watu, huyu kisha yule, akitafuta ng'ombe wa kurudi nao nyumbani, na kila alipokaribia kuwapata jambo lilitokea. Mtu mzima yule aliketi chini barabarani akalia, na Mzee Kidunda akageuka upande wa pili akaanza kumkaripia kondakta kuhusu mizigo ambayo haikuwepo.

Hapa watu wengine husema hadithi imekwisha, twende tukale. Laiti ingekuwa hivyo.

Bi Mwasiti alikuwa na nadhiri. Katika uzao wa wale ng'ombe waliomtoa mwanawe nyumbani, alikuwa amemweka mtamba mmoja mweupe, akaapa kwamba atampa atakayemrudishia Swalehe. Kesho yake akamtoa zizini, akamfunga kamba, akamleta uwanjani mbele ya watu wote.

"Nani kati yenu amenirudishia mwanangu?" aliwauliza wale watatu.

Wote watatu wakajibu kwa pamoja, "Mimi." Kisha kila mmoja akatazama chini.

Mbonea ndiye aliyeinua macho kwanza. "Mgawie yeyote mama, sisi ni wamoja," alisema, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayengoja kukataliwa.

"Sitoi ng'ombe wa ushirika," alisema Bi Mwasiti. "Ng'ombe wa watu watatu hufa kwa kiu, kila mmoja anadhani mwenzake amemnywesha. Na hauzwi, huyu ni wa nadhiri. Niliapa kuitia kamba hii katika mkono mmoja. Semeni."

Basi Nakijwa akasema. "Mama, picha ile niliipiga mimi. Kwenye mnada ule walikuwepo watu wengi, na wote walimwona mwanao akipita, hakuna aliyemtilia maanani. Jicho langu ndilo lililomkamata. Bila jicho langu, Swalehe angepita kama alivyopita miaka yote."

"Ulimwona?" aliuliza Senzota. "Ulikuwa unamtazama dalali. Huyu ulimtukana."

Mbonea akasema. "Mama, mnada ule ulikuwa umefungwa kwetu. Hawa wawili walikuwa wameshapanda guta. Niliketi mimi. Kama si maneno yangu, kamera isingetolewa tena kwenye mkoba. Na zaidi ya hapo, Swalehe aligeuka kwa sababu niliwaambia asiyetaka atupe mgongo. Mgongo ulioutambua, mama, ni mimi niliyeuomba."

"Na ukaamuru ufutwe," akasema Nakijwa. "Tena ulitaka kuutoa kwenye kamba mbele ya macho ya mama huyu."

Senzota akasema. "Mama, mimi sina maneno mengi. Hawa wote wawili walisema ifutwe. Mikono hii haikuifuta. Mikono hii iliichapisha ikaitundika. Wao walipiga, wakaomba, kisha wakataka kuitupa. Mimi nilihifadhi."

"Ulihifadhi kwa ubishi," alisema Mbonea, "na kwa kulivunja neno nililowapa watu."

Bi Mwasiti akamgeukia mwanawe. "Swalehe, mwenye mgongo ni wewe. Sema."

Swalehe aliwatazama wale watatu mmoja mmoja. "Siwezi kuwadanganya," alisema. "Nilimwona huyu dada na kamera yake nikaogopa. Nilikuwa nimemsikia huyu kaka akiahidi, nikamwamini, ndiyo maana nikageuka. Na huyu wa tatu ningemkuta siku ile anaichapisha picha yangu ningempiga. Ningeulizwa, ningekataa. Nisingekuwa hapa." Akamtazama mama yake. "Nashukuru, na bado nasema ningekataa. Sijui mnafanyaje na maneno kama hayo."

Mlangwa yote ikagawanyika palepale. Wanawake wengi walisimama na Senzota, wakisema aliyemtunza mtoto ndiye mzazi. Wazee walisema ukimpa ng'ombe aliyevunja ahadi, kesho kila mgeni atakuja na ahadi za kuvunja, na wakasimama na Mbonea. Wengine wakasema mnabishana nini, picha ina mpigaji mmoja, na mpigaji anajulikana. Mzee Kidunda aliulizwa maoni akasema yeye alikwenda tu kuwathibitishia kwamba si Swalehe, kwa hiyo asihusishwe. Wale watatu wenyewe walisimama kila mmoja upande wake wa mtamba, na mtamba akawa anakula ukingo wa kanga ya mtu bila habari na yeyote.

Bi Mwasiti aliwasikiliza mpaka jua likawa kali. Hatimaye akaja kwangu, maana nami nilikuwepo, akaniwekea kamba mkononi akasema, "Wewe unayejua maneno, amua. Mimi nimeshapata changu, naenda kumpikia mwanangu." Akaingia jikoni.

Nilisema nawaomba muda nikaulize watu wenye akili. Tangu siku ile nauliza, na watu wenye akili wananirudisha nyumbani nikiwa nimechoka zaidi. Sasa ni zamu yenu. Aliyeona bila kutaka kuona, aliyeahidi akataka kuitimiza ahadi, na aliyekataa kutii akaokoa. Ng'ombe ni mmoja, mkono ni mmoja.

Kamba hii mimi siiwezi tena. Wewe uliyekaa mbele, ungemkabidhi nani?